Jinsi ya Kukadiria Mtiririko wa Maji ya Ardhini katika Mabonde ya Milimani

Bonde la milimani lina kuta mbili za mwamba, lina mto, na kati ya kuta hizo limejaa mashapo yaliyoletwa na maji, maporomoko na barafuto katika nyakati mbalimbali. Mambo hayo matatu huingia katika kila kipimo cha maji ya ardhini kinachofanyika humo, apende mpimaji asipende. Kanuni nyingi tunazofundishwa zilitungwa kwa kudhania tabaka la maji lililo sawasawa kila mahali na lisilo na mwisho upande wowote. Mtu akizipeleka bondeni jinsi zilivyo, hupata tarakimu zinazopendeza machoni lakini zenye kosa la mara mbili, mara tano, na wakati mwingine zaidi ya hapo. Mwongozo huu unafuata mpangilio ninaoutumia mwenyewe: kwanza umbo la bonde, kisha mteremko wa maji, kisha vipimo vidogo vya mahali pamoja, kisha jaribio la kupampu, na baada ya hapo hesabu ya maji yote yanayopita katika mkato wa bonde, ambayo naichukulia kuwa hakimu wa tarakimu zote zilizotangulia. Mfano mmoja wa kubuni utatufuata tangu mwanzo hadi mwisho ili msomaji aweze kurudia hesabu kwa mkono wake.

Tunachokitafuta

Mwaka 1856 mhandisi Henry Darcy, aliyefanya majaribio ya mchanga wa kuchujia maji huko Dijon, Ufaransa, alichapisha kanuni ambayo bado ndiyo msingi wa kazi hii: Q = K × i × A. Q ni wingi wa maji yanayopita kwa muda fulani, A ni eneo la mkato yanamopita, i ni mteremko wa maji, yaani tofauti ya usawa wa maji kati ya sehemu mbili ikigawanywa kwa umbali uliopo kati yake, na K ni uwezo wa mashapo kupitisha maji. K ikizidishwa kwa unene wa akwifa, yaani tabaka la ardhi linalohifadhi maji na kuyapitisha, tunapata T, ambayo ni uwezo wa kupitisha maji wa tabaka zima. Kando ya hizo kuna S, inayoeleza tabaka linaachia maji kiasi gani usawa wake unaposhuka, na n, ambayo ni sehemu ya ujazo wa mashapo iliyo wazi na inayopitisha maji.

K ndiyo yenye shida kuliko zote, kwa sababu hubadilika kwa kiwango kisichozoeleka katika vipimo vingine vya uhandisi. Changarawe safi huwa na K kati ya mita 0.001 na mita 1 kwa sekunde, mchanga safi huwa kati ya 10⁻⁶ na 10⁻², na mashapo mchanganyiko yaliyoshindiliwa na barafuto mara nyingi hayafiki hata 10⁻⁶. Katika bonde la milimani vyote vitatu vinaweza kukutwa ndani ya shimo moja la mita 30. Kwa hiyo asiyejua ametoboa tabaka gani hana jinsi ya kujua tarakimu aliyoipata inahusu nini.

Soma umbo la bonde kabla ya kupima maji

Tembea bonde lote kwa miguu ukiwa na ramani ya kontua. Mahali vijito vya pembeni vinapoingia bondeni, tazama mashapo yaliyosambaa kwa umbo la upepeo: sehemu ya juu, karibu na ukuta wa mwamba, huwa na mawe makubwa na changarawe, na kadiri unavyoshuka kuelekea mtoni ndivyo chembe zinavyokuwa ndogo. Huko juu ndiko maji ya vijito huzama kwa wingi, na huko chini ndiko mara nyingi chemchemi hutokeza. Tafuta pia dalili za ziwa la kale, kwa sababu barafuto au maporomoko yakiziba bonde huacha nyuma yake ziwa, na ziwa huacha udongo mzito wa mfinyanzi uliolala bapa. Udongo huo ukifunikwa na changarawe mpya, bonde linakuwa na akwifa mbili zisizokuwa na uhusiano wa moja kwa moja, na kisima kinachochota katika zote mbili kitakupa wastani usiomwakilisha yeyote kati yao.

Kina cha mwamba hupimwa kwa mbinu za jiofizikia: ukinzani wa umeme, mawimbi ya mtetemo, au nguvu ya mvutano. Ipo njia nyepesi inayofaa mabonde membamba, nayo ni kurekodi mtetemo wa asili wa ardhi na kutafuta masafa ambayo mashapo huyakuza. Kina hukadiriwa kwa kugawanya kasi ya mawimbi ya mkato kwa mara nne ya masafa hayo. Mashapo yenye kasi ya mita 400 kwa sekunde na masafa ya hezi 4 yana kina cha mita 25 hivi. Katika mfano wetu tuseme ndivyo ilivyo: mita 5 za juu ni udongo mzito wa tope, na mita 20 zilizo chini yake ni mchanga na changarawe zilizojaa maji. Usitegemee ukinzani wa umeme peke yake, maana mfinyanzi na changarawe yenye maji ya chumvi vinaweza kutoa kipimo kilekile.

Jambo moja husahauliwa mara kwa mara: ukuta wa mwamba unaouona juu ya ardhi hauendelei chini kama ukuta wa nyumba. Kwa kawaida huinama kuelekea katikati ya bonde, hivyo akwifa huwa nyembamba pembeni, na mpaka wake wa kweli uko karibu na kisima kuliko macho yanavyodhani. Tutaurudia mpaka huo mbele, kwani jaribio la kupampu linaweza kuuonesha.

Mteremko wa maji

Visima vitatu visivyokuwa katika mstari mmoja vinatosha kupata upande maji yanakoelekea na mteremko wake. Pima usawa wa vinywa vya visima hivyo kwa levo ya mpima ardhi, siyo kwa simu wala kwa kifaa cha setilaiti cha mkononi, kwa sababu tofauti tunazozitafuta ni za sentimita. Kisha pima kina cha maji katika visima vyote siku moja, ikiwezekana ndani ya saa moja.

Tuseme kisima A kina maji katika kimo cha mita 1,412.60, B mita 1,411.80, na C mita 1,411.20, na umbali kutoka A hadi C ni mita 400. Kati ya A na C maji yameshuka mita 1.40. Kimo cha B kiko chini ya A kwa mita 0.80, kwa hiyo kwenye mstari wa A na C kimo hicho kinapatikana mita 229 kutoka A, yaani 0.80 kugawanywa kwa 1.40, kisha kuzidishwa kwa 400. Chora mstari kutoka hapo hadi B. Huo ni mstari ambao maji yana kimo kimoja. Shusha mstari wa pembe mraba kutoka kwake hadi C. Ukiwa na mita 150, mteremko ni 0.60 kugawanywa kwa 150, yaani 0.004, na upande wa mstari huo ndio upande maji yanakokwenda.

Ukiacha vihisi vya shinikizo visimani, kumbuka kwamba vingi hupima maji pamoja na hewa iliyo juu yake. Badiliko la hektopaskali 1 la hewa ni sawa na takriban sentimita 1 ya maji. Kihisi cha hewa kinapaswa kukaa katika kimo kilekile cha visima, kwa sababu shinikizo hupungua hektopaskali 1 kwa kila mita 8 za kupanda karibu na usawa wa bahari, na kwa kila mita 10 hivi katika kimo cha mita 2,000. Anayeacha kihisi cha hewa kwenye kituo kilicho juu ya mlima na kupima visima vilivyo chini bondeni huingiza kosa kubwa kuliko mteremko wenyewe anaoutafuta.

Pima vilevile mteremko wa wima, kwa mabomba mawili ya vina tofauti yaliyowekwa mahali pamoja. Karibu na kuta, kimo cha maji hupungua kadiri unavyokwenda chini, ishara kwamba maji yanazama. Karibu na mto katika sehemu ya chini ya bonde mara nyingi huwa kinyume chake.

Vipimo vidogo na mipaka yake

Njia rahisi kuliko zote ni kuchekecha mashapo. Kanuni ya Hazen, iliyotokana na kazi yake ya mwishoni mwa karne ya 19 juu ya mchanga wa kuchujia maji, inasema K kwa sentimita kwa sekunde ni takriban 100 mara mraba wa d10. Hiyo d10 ni ukubwa, kwa sentimita, ambao asilimia 10 ya uzito wa chembe ni ndogo kuliko wenyewe. Chembe za d10 ya milimita 0.3 hutoa K ya sentimita 0.09 kwa sekunde, sawa na mita 78 kwa siku. Kanuni hii inafaa mchanga wenye chembe zinazokaribiana ukubwa na d10 ya kati ya milimita 0.1 na 3. Kwa mashapo ya barafuto yenye kila kitu kuanzia vumbi hadi mawe, usiitumie.

Mtu anapaswa kusimama karibu na mashine ya kuchimba aone sampuli inavyotoka. Mchanga hupanda pamoja na maji ya kuchimbia, unamwagwa kwenye chujio, na maji yanayotiririka kutoka kwenye chujio ni ya kijivu. Ukijivu huo ni chembe nyembamba, zilezile zinazoziba njia za maji ardhini, na zimekwisha kwenda. Kinachobaki mkononi ni safi kuliko kilivyokuwa mita 15 chini, na K ya kuchekecha inakuwa kubwa mno. Ndiyo maana sampuli ya kuchekecha naihesabu kuwa ukomo wa juu wa K.

Kama K imepimwa maabara, rekebisha joto. Mnato wa maji ni takriban 1.00 katika nyuzi 20 za selsiasi, na 1.52 katika nyuzi 5, kwa kipimo cha milipaskali-sekunde. Maji ya bonde la milimani yanaweza kabisa kuwa na nyuzi 5, na K iliyopimwa katika chumba chenye nyuzi 20 ni lazima izidishwe kwa 0.66 ili ihusu bonde. Theluthi nzima ya tarakimu hupotea au kubaki kwa kuangalia kipimajoto tu.

Jaribio la kustua kisima hufanywa kwa kuzamisha ghafla chuma kizito ndani ya bomba, au kukichomoa, na kupima maji yanavyorudi katika usawa wake. Kwa njia ya Hvorslev ya mwaka 1951, K = r² × ln(L/R) ÷ (2 × L × T₀), ambapo ln ni logi asilia, r ni nusu kipenyo cha bomba, R ni nusu kipenyo cha sehemu yenye matundu, L ni urefu wa sehemu hiyo, na T₀ ni muda ambao tofauti iliyobaki imefika asilimia 37 ya ile ya mwanzo. Kanuni inataka L iwe zaidi ya mara 8 ya R. Tuchukue r ya mita 0.025, R ya mita 0.05, L ya mita 1.5 na T₀ ya sekunde 8: K ni mita 0.000089 kwa sekunde, karibu mita 7.7 kwa siku. Sekunde 8 ni muda mfupi sana kwa mtu mwenye utepe wa kupimia. Katika changarawe tumia kihisi kinachoandika mara kadhaa kwa sekunde. Bomba likiwa halijasafishwa vizuri baada ya kuchimbwa, tope lililoganda ukutani ndilo unalolipima. Kwa hiyo K ya kustua kisima naihesabu kuwa ukomo wa chini, na kati ya mita 7.7 na mita 78 kwa siku ndipo jibu lilipo.

Ukiwa na vipimo vingi vya aina hii, wastani wa kuchukua hutegemea mpangilio wa tabaka. Maji yanapopita sambamba na matabaka, tumia wastani wa kawaida uliopimwa kwa unene. Yanapoyapenya kwa wima, unene wote ugawanywe kwa jumla ya unene wa kila tabaka uliogawanywa kwa K yake, na hapo tabaka moja jembamba la mfinyanzi hutawala jibu lote. Kwa vipimo vilivyotawanyika bila mpangilio unaojulikana, wastani wa kijiometri ndio unaokubalika zaidi.

Jaribio la kupampu

Hapa ndipo penye faida kubwa na mitego mingi. Pampu maji kwa kiwango kisichobadilika, pima mshuko katika kisima cha uangalizi, yaani umbali ambao maji yameteremka kutoka usawa wake wa awali, na uchore mshuko dhidi ya muda kwenye grafu ambayo mhimili wa muda ni wa logi, yaani kila hatua iliyo sawa ni muda kuzidishwa mara 10. Kwa njia ya Cooper na Jacob ya mwaka 1946, iliyorahisisha kazi ya Theis ya mwaka 1935, nukta hupangika katika mstari mnyoofu baada ya muda fulani, na T = 0.183 × Q ÷ Δs, ambapo Δs ni mshuko unaoongezeka kila muda unapozidishwa mara 10. Mstari huo ukirefushwa nyuma hadi mshuko uwe sifuri, unapata muda t₀, na S = 2.25 × T × t₀ ÷ r², r ikiwa umbali kati ya kisima kinachopampiwa na kile cha uangalizi.

Katika mfano wetu tunapampu lita 25 kwa sekunde, sawa na mita za ujazo 2,160 kwa siku, na kisima cha uangalizi kiko mita 30. Mstari wa mwanzo una Δs ya mita 0.33 na t₀ ya dakika 1, yaani siku 1 ÷ 1,440 katika kanuni. T inakuwa mita za mraba 1,200 kwa siku, K ni 1,200 kugawanywa kwa unene wa mita 20, yaani mita 60 kwa siku, na S ni 0.002. S ndogo namna hiyo inaonesha kwamba udongo wa tope ulio juu unabana maji. Changarawe iliyo wazi juu ingetoa S ya karibu 0.1 hadi 0.3 baada ya kupampu kwa muda mrefu.

Sasa ukuta unaingia. Baada ya saa mbili tatu nukta zinaanza kuuacha mstari na kushuka kwa ukali zaidi, na mwishowe zinapanga mstari mpya wenye Δs ya mita 0.66. Ukichukua mstari huu wa pili ukautia katika kanuni, unapata T ya 600, nusu ya ile ya kweli. Nilipokuwa nikijifunza kazi hii niliwahi kuchora mstari mmoja kupitia nukta zote, nikapata jibu lililo katikati ya hayo mawili, nikaridhika nalo kwa sababu lilionekana la wastani. Halikuwa sifa ya mashapo wala ya ukuta. Ukuta wa mwamba hufanya kazi kana kwamba upande wa pili wake kuna kisima kingine kinachopampu kiasi kilekile, kwa umbali uleule kutoka ukutani. Mishuko ya visima viwili hujumlishwa, na mwinamo wa mstari huwa mara mbili ya ule wa kwanza.

Kisima hicho cha kudhaniwa kinaweza kutafutwa mahali kilipo. Kwenye mstari wa kwanza, mshuko wa mita 0.33 ulifikiwa dakika ya 10. Refusha mstari wa kwanza mbele, na utafute muda ambao nukta za kweli ziko chini yake kwa mita 0.33 hizohizo, tuseme ni dakika ya 1,000. Umbali wa kisima cha kudhaniwa kutoka kisima cha uangalizi ni r mara kipeuo cha pili cha 1,000 ÷ 10, yaani 30 × 10, mita 300. Ukuta uko katikati ya kisima kinachopampiwa na kile cha kudhaniwa, kwa hiyo uko kati ya mita 135 na 165 kutoka kisima kinachopampiwa, kutegemea kisima cha uangalizi kiko upande gani. Linganisha na ramani. Kama ukuta unaoonekana juu ya ardhi uko mita 220, umepata ushahidi kwamba mwamba umeinama kuelekea ndani, na eneo la mkato ulilokuwa unalitumia ni kubwa mno.

Bonde lenye upana wa mita 600 chini ya ardhi lina ukuta wa pili mita 450 upande mwingine, ambao katika hesabu hizihizi huanza kuhisiwa baada ya saa 15 hivi. Tangu hapo mstari hauwi mnyoofu tena kwenye grafu ya logi. Mshuko huanza kufuata kipeuo cha pili cha muda, kwa kuwa maji sasa yanakuja kutoka juu na chini ya bonde tu. Jaribio la saa 72 huonesha hayo yote, ilhali la saa 6 huonesha sehemu ndogo. Nasisitiza saa 72 hata pale fedha zinapobana, kwa sababu kisima kilichokadiriwa kwa jaribio fupi kitaahidi maji ambayo bonde halina.

Nukta zikilegea badala ya kushuka, kuna sababu tatu zinazofanana kwenye grafu: mto unalisha akwifa, tabaka la juu linavujisha maji, au maji yaliyoshikwa juu ya usawa yanadondoka polepole, jambo lililoelezwa na Boulton kuanzia mwaka 1954 na kuendelezwa na Neuman katika miaka ya 1970. Zitofautishe kwa kupima joto na upitishaji umeme wa maji yanayopampiwa: yakianza kufanana na ya mto, mto umefika. Kudondoka kwa polepole hulegeza mstari kwa muda, kisha hurudia mwinamo wake wa mwanzo, mto haurudishi.

Maji yanayopampiwa yapelekwe kwa bomba hadi mtoni, upande wa chini, mbali na visima vya uangalizi, maana juu ya changarawe huzama na kurudi kisimani. Pampu ikizimwa, endelea kupima maji yanavyopanda. Kipimo cha kupanda hakisumbuliwi na pampu inayobadilika nguvu, na mara nyingi ndicho ninachokiamini zaidi. Kama huna chochote ila kumbukumbu za mchimbaji, T hukadiriwa kuwa 1.22 × Q ÷ mshuko wa kisimani, kwa njia ya Logan ya mwaka 1964, lakini msuguano wa maji yanapoingia kisimani huifanya iwe ndogo kuliko ilivyo.

Kutumia mawimbi ya mto

Mito inayotokana na theluji au barafu hupanda na kushuka kila siku, na mapigo hayo hupenya ndani ya akwifa yakififia. Ni jaribio la bure. Uwiano wa T na S ni π × x² ÷ (τ × ln² ya uwiano wa mapigo), x ikiwa umbali wa kisima kutoka mtoni na τ siku moja. Mto ukipanda na kushuka sentimita 12 na kisima kilicho mita 120 kikapanda na kushuka sentimita 9.1, T/S ni karibu 590,000. Jaribio la kupampu lilitoa 1,200 ÷ 0.002, yaani 600,000. Njia mbili zisizotegemeana zimekubaliana. Kwa tarakimu hizo kisima kinapaswa kuchelewa dakika 63 nyuma ya mto. Kikichelewa zaidi sana, sakafu ya mto imezibwa na tope, na hapo kanuni hii isitumike peke yake. Kisima kiwe mbali na ukuta, kwa sababu ukuta hurudisha mapigo.

Maji yote yanayopita

Chagua mkato wa bonde kabla ya mahali linapobanwa na mwamba. Katika mfano upana wa mita 600 mara unene wa mita 20 ni mita za mraba 12,000. K ya 60 na mteremko wa 0.004 hutoa mita za ujazo 2,880 kwa siku, lita 33 kwa sekunde. Pale mwamba unapokaribia uso wa ardhi, maji hayo hayana njia ila kupanda mtoni, na mtiririko wa mto unapaswa kuongezeka kwa karibu kiasi hicho kati ya juu na chini ya kizuizi.

Pima mto sehemu zote mbili wakati wa kiangazi, siku ambayo hakuna mvua wala kuyeyuka kwa theluji. Mto wenye lita 410 juu na lita 440 chini hauthibitishi chochote, kwa sababu kosa la asilimia 5 katika kila kipimo hufanya tofauti ya lita 30 iwe na shaka ya lita 30. Mto uleule ukiwa umepungua hadi lita 62 juu na lita 91 chini, tofauti ya lita 29 ina shaka ya lita 5.5 hivi, na lita 33 zetu zinaingia ndani ya mipaka hiyo. K ya kustua kisima ingetoa lita 4.3 tu kwa sekunde, jambo ambalo mto wenyewe unalikataa.

Kwa kasi ya chembe ya maji, zidisha K kwa i ugawanye kwa n. Kwa n ya 0.25 tunapata mita 0.96 kwa siku. Hiyo ni kasi ya wastani; mkondo wa changarawe safi uliofukiwa, yaani njia ya kale ya mto, unaweza kupitisha maji kwa kasi kubwa zaidi. Kama suala ni uchafu unaoelekea kwenye kisima cha kunywa, fanya jaribio la rangi isiyodhuru au la chumvi, na uandike siku ya kwanza ilipoonekana pamoja na siku ilipofikia kilele.

Katika ripoti usiandike K moja yenye tarakimu nne. Andika T ya 1,200, ukitaja kwamba imetoka kwenye mstari wa kwanza kabla ya ukuta, na K iliyotokana nayo. Andika K ya kuchekecha na ya kustua kisima kama mipaka ya juu na ya chini, joto la maji, kimo cha maji siku ya jaribio, na muda wa kupampu. Rudia kupima mteremko mwishoni mwa kiangazi na baada ya mvua au kuyeyuka kwa theluji, kwani visima vilevile vinaweza kuonesha maji yakielekea mtoni msimu mmoja na yakitoka mtoni msimu mwingine.